Radim Alipima kwa Mkondo Mmoja

Jumamosi ya msimu wa cheri, yale matunda madogo mekundu, soko la mboga la mji wa Brno, Ucheki, halina pa kuweka mguu. Hapo ndipo kijana mrefu mwenye shati la bluu alipompiga kikumbo Vendula, mfuko wake ukapasuka na cheri zikatawanyika chini ya meza za viazi.

"Samahani, mama!"

"Mama yako mimi? Hebu niangalie vizuri, we mlingoti!"

Kijana alimwangalia, akaona kwenye fulana ya Vendula nembo ya programu ya kompyuta ya kulinda milango ya mitandao, ile ambayo kijana naye huiandika kwa kujitolea.

"Wewe ndiye Vendula? Yule anayenikosoa kwenye barua pepe?"

"Na wewe ndiye Radim asiyejibu!"

Walinunua cheri nyingine, wakala pamoja. Baridi ilipoingia, walikuwa wakiishi nyumba moja.

Baridi hiyo Vendula hakuwa na raha ila kwa kazi moja. Hata kompyuta iwe na vichakataji vingapi, yaani bongo zake za kufanyia kazi, programu yao ilitumia kimoja tu kukagua pakiti za data zinazopita. Vingine vilikaa kama wauza mboga waliokosa wateja. Kwa mitandao ya kasi, foleni haikuisha. Vendula akaiandika upya ili vyote vikague kwa pamoja, na alitamani kwa moyo wote iingie kwenye toleo jipya. Kwa desturi ya waandishi wa programu hiyo, kazi haiingii mpaka mwenzako aipime na kuiridhia. Akamwomba Radim.

"Itazame kwa jicho kali, usinionee haya."

"Jicho langu kwako lina makengeza, Vendulka," Radim alicheka, akimwita kwa jina la mapenzi. "Lakini nitaipima."

Akaipima. Jioni ile Vendula alipika supu ya vitunguu saumu. Radim alikunywa bakuli mbili, akaisifu, akambusu shingoni. Kesho yake, kwenye mkutano wa waandishi wote wa programu, akasimama akiwa na sweta jekundu alilofumiwa na Vendula.

"Nimeipima. Haiongezi kasi hata chembe, na ina hatari. Iondolewe kwenye toleo."

Vendula aliduwaa. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hata nguo ni yeye Vendula aliyemfumia. Alichukua koti lake akaenda kwa dada yake, moyo ukimwaka.

Simu ililia mchana kutwa. Jioni akaipokea.

"Vendulka, ilikuwa kazi tu. Sikutaka waseme nakupendelea."

"Ulikuwa unajua ukinywa supu yangu?"

"Supu ilikuwa tamu, Vendulka."

"Radim!"

"Nilijua. Niliogopa utalia."

"Ulipimaje?"

"Nilirusha mkondo mmoja mzito wa data, kutoka mashine hii mpaka ile."

Vendula alicheka huku machozi yakimtoka. Pakiti za mkondo mmoja hukabidhiwa kichakataji kimoja, zisije zikapitana njiani. Vingine havina la kufanya.

"Umepeleka mteja mmoja sokoni, halafu unasema wauzaji wengine hawafanyi kazi! Ungeniuliza mezani, ningekwambia kabla supu haijapoa."

Radim alirudia kwa mikondo mingi, na kasi ikapaa. Aliwaandikia wote kwamba kosa ni lake, Vendula hana doa. Kazi ikaingia kwenye toleo, pongezi zikamiminika. Cheri za kwanza zilipotoka, Radim akamngoja Vendula sokoni akiwa na suti ya kijivu, pete mkononi.

"Nimekiri mbele ya wote. Kubali nikuoe, mpenzi."

"Kosa la kupima nimekusamehe. Nani hakosei?"

"Basi kilichobaki nini?"

"Ulinibusu ukiwa umeshaniuza, Radim. Nitajuaje busu lipi ni la kweli?"

Radim alimnyooshea pete. Vendula akamfumba vidole juu ya pete, taratibu, maana bado alimpenda na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kisha akamgeukia muuza cheri.

"Kilo, ya wawili, kama kawaida?" mama yule aliuliza.

"Nusu," alisema Vendula. "Nakula peke yangu."