Uzi wa Timazi

Nilikuwa nakamua shuka la mwisho, jua likizama, fundi cherehani wa jirani aliponijia mbio, futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Shoga," alinong'ona, "mumeo yuko pale kona. Anauliza nyumba yake."

"Mume wangu yuko kaburini. Wewe ulimlilia kuliko mimi."

Hakucheka.

"Suti aliyovaa… ndiyo niliyomshonea ya kuzikiwa."

Nikaliacha shuka kwenye beseni.

Mume wangu alikuwa mwashi. Kuta zake zilinyooka. Yeye hakunyooka hata siku moja. Mkono wake niliujua kwa uzito wake. Alipoanguka kwenye jukwaa la ujenzi akafa, nililia kidogo, nikalala usingizi mzuri. Binti yetu ndiye hakulala. Juu ya kaburi uliota mmea wa porini, ule unaojisokota kwenye chochote, unaoota na mvua na kufa na kiangazi. Akaung'oa na udongo wake, akaupanda kwenye kopo la rangi dirishani, akautundikia uzi wa timazi, ule baba yake aliopimia unyoofu wa kuta, upandie.

Nikamwacha. Watoto wa wenzangu huzungumza na paka.

Kila asubuhi aliumwagilia kabla hajanywa chai. Mmea ukanenepa, yeye akakonda. Nikasema anarefuka tu.

Sasa nilipokimbilia ndani, nilimkuta amesimama dirishani, hageuki. Mmea ulikuwa umefika mwisho wa uzi. Ulipokosa pa kushika… ulimshika yeye. Ncha yake ya kijani ilikuwa imejizungusha kwenye kifundo cha mkono wake, ikakaza.

Chumba kilinuka saruji mbichi.

"Niliupa kidole tu, mama. Ulikuwa unatafuta."

Nikachukua kisu cha vitunguu. Nikalikwaruza shina.

Binti akapiga yowe.

Shina halikutoa utomvu. Damu ilitoka mkononi kwake.

Kisu kikanidondoka. Nje, kokoto zikalia. Hatua nzito, mguu mmoja ukiburuzwa. Kisha ukutani… ko… ko… ko. Ndivyo alivyogonga kila ukuta aliojenga, kusikiliza kama una uwazi ndani.

"Mfungulie, mama."

"Na kiangazi kikija? Mmea huu hukauka, mwanangu. Hukauka wote."

Akautazama mkono wake.

Miaka yote nilimwomba Mungu anitenganishe na mtu yule. Na nilipotenganishwa, tazama. Nikachota maji kwenye mtungi, nikaumwagilia mmea kwa mkono wangu, polepole, hadi udongo ukashiba. Nikaliokota jani lililodondoka, nikalirudisha koponi, kama mjinga.

Ndipo nikaenda kufungua mlango.

Hakusalimu. Alipita, akakaa kwenye kiti chake kilekile. Vumbi la udongo lilimdondoka mabegani. Nikapakua wali, nikamwekea na yeye. Akaonja. Taya lake likatembea kwa muda mrefu.

"Chumvi haitoshi," alisema.

Nikamsogezea chumvi.

Nikahesabu vichwa, kama kila jioni. Baba yupo. Binti yupo, anakula kwa mkono mmoja, wa pili umefungwa na ule mmea uliovutwa kutoka dirishani hadi mezani. Mimi nipo. Sote tupo.

Nikainama kama naokota kijiko, nikamnong'oneza binti yangu sikioni:

"Mmea ukianza kutoa mbegu kabla ya kiangazi, usipoteze hata moja."