Mlima Uko Wapi?

Mimi siogopi makaburi. Waogopao ni nyinyi mliosoma. Mimi shule iliniona mgongo nikiwa darasa la tano. Basi jioni ile Mama aliponituma kuwarudisha bata kutoka mashamba ya mpunga, kule chini upande wa bahari, karibu na wafu, nilikwenda nikipiga mluzi.

Ukungu ulikuwa umeumeza mlima wote.

Bata walijikusanya kwenye fimbo yao yenye kitambaa cheupe, niliyowachomekea asubuhi wasipotee. Bata wangu, ambao kwa makelele huwashinda wanawake wa sokoni... kimya.

Kisha harufu. Udongo mbichi, na maziwa.

"Bli..."

Bli, yaani kaka, ndivyo wake wa kwetu wanavyowaita waume; lakini dunia nzima ni mmoja tu aliyeniita hivyo, kwa kuvuta. Mke wangu, Wirati. Alifariki mwezi uliopita, akijifungua. Tulimzika kwanza, asubiri kuchomwa pamoja na wafu wengine wa kijiji.

Alisimama kwenye tuta, nywele zimeganda matope.

"Mlima uko wapi, Bli?"

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Nazunguka tu. Sijui wapi juu, wapi chini. Mwanetu Putu analia, namsikia. Kifua kimejaa." Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kunisuta. "Wewe muongo wa kijiji kizima, bata kumi unasema mia. Hapa usinitanie. Nionyeshe mlima tu, nyumba nitaiona."

Kwetu hata kichaa anajua: walio hai upande wa mlima, wafu upande wa bahari. Maiti akipanda kuja kunyonyesha, mtoto humfuata mama.

Mkono wangu ukainuka. Mzito kama si wangu...

Nikaonyesha bahari.

"Kule?"

"Kule, mpenzi. Nyoosha tu."

"Ahsante, Bli."

Akaenda. Nikasikia miguu yake majini... chwa... chwa... mpaka sikuisikia tena.

Nyumbani nilimweleza Mama.

"Huyo ni leyak," akanong'ona. "Mchawi kavaa sura ya mkeo, anamtaka mtoto. Umemkomesha, mwanangu. Kaa ule."

"Leyak ni mtu wa hapa hapa, Mama. Asiujue mlima?"

Aliinua chandarua amtazame mjukuu wake, akajiziba mdomo.

Putu alikuwa amelala kichwa kimeelekea bahari. Kama alazwavyo maiti.

"Nani kamgeuza?"

"Nilimlaza vizuri! Kwa mikono yangu hii!"

Kichanga, shingo yenyewe haijakaza. Tukamgeuza. Akalia mpaka sauti ikakauka.

Mpaka leo, kila jioni, namlaza mwenyewe kichwa mlimani. Namtania, namwambia babako ndiye mwanamume hodari kuliko wote hapa. Anatabasamu.

Nikitoka kidogo tu, nikirudi, amegeukia kule nilikomwelekeza mama yake.