Herufi Zisizo na Mlango

Mkia wa herufi ya mwisho katika jina la bibi harusi ulikuwa umerefuka. Jana uliishia juu ya tarehe. Leo asubuhi umeipita na kujikunja pembeni mwa kadi, kama unywele kwenye sabuni. Maridadi akauwekea rula. Milimita nne zaidi. Akafuta miwani, akapima tena, kisha akafanya ambacho angefanya mwanamume yeyote mwenye kitambi na heshima zake: akailaumu mashine.

"Bonge, umezidisha wino?"

"Wino hauna miguu, bosi," alijibu Bonge, mkata karatasi wake wa miaka kumi na moja. "Na nani anaunguza nywele humu ndani?"

Maridadi naye alikuwa ameisikia harufu ile, akajifanya hakuisikia. Fonti hii ilikuwa kazi ya mikono yake, na mtaa mzima ulishachoka kusikia habari zake. Herufi zilitoka kwenye daftari la jirani yake, marehemu mwandishi wa hati, ambaye vyeti alivyoandika vilimfanya hata aliyefeli aonekane msomi. Mjane alimwazima daftari kwa moyo mweupe. Maridadi akazipiga picha herufi, akaziingiza kwenye kompyuta, akakuta kila moja ina upenyo mdogo, mahali ambapo mstari haukukutana. Mkono wa mzee ulitetemeka, maskini, akajisemea. Akaziba penyo zote. Kisha akazijaribu kwa majina mawili aliyoyapenda kuliko yote: lake la utani, Maridadi, lililochomelewa kwa chuma kwenye kibao kipya juu ya mlango wa duka, na la binti yake, kwenye kadi mia mbili za harusi.

Bonge alipanga kadi chini ya kisu cha mashine. Hakuna aliyegusa swichi. Mkia mmoja ukanyanyuka kutoka kwenye karatasi, mweusi, ukamzunguka kiganja na kukivuta ndani, na kisu kikashuka.

Vidole viwili vikabaki juu ya kadi. Damu haikutapakaa. Iliifuata mikia ya herufi, ikaipanda na kuishuka, kwa mwandiko mzuri ajabu.

"Baba!"

Binti yake, aliyekuja kuchukua kadi, alikuwa amesimama chumba cha mbele akijikwaruza shingo. Mstari mwembamba mweusi ulikuwa umemzunguka, unaingia nyamani, na Maridadi alipojaribu kuukamata kwa kucha aliambulia ngozi ya mwanawe.

Mjane aliingia mbio, ameitwa na kelele. Aliiona shingo, akaziona kadi.

"Herufi ulizifanyaje?" alinong'ona.

"Nilizisafisha tu, mama. Nikaziba zile penyo."

"Wewe! Kalamu ya mume wangu ilikuwa na mwenyewe. Jini alimpa mwandiko ule, naye akamwachia mlango kwenye kila herufi. Ukimfungia, anatokea shingoni mwa mwenye jina. Fungua! Zote!"

Maridadi akanyakua wembe wa kazini, Bonge akafunga mkono wake kwa aproni na kushika wa pili kwa mkono wa kushoto, na wakaanza kukata, herufi kwa herufi, kadi kwa kadi, na kila upenyo uliofunguka ulitema pumzi ya moto iliyonuka nywele, na mikia ikawacharaza mikononi na usoni, ikampasua Maridadi shavu hadi jino likaonekana, naye akakata huku akimsikia binti yake akikoroma sakafuni, akahesabu kadi themanini, mia na kumi, mia na sabini, damu yake ikiteleza wembeni, hadi akaifikia ya mwisho, akaipasua, na mstari ule ukakatika kwenye shingo ya binti yake kwa mlio kama uzi wa gitaa.

Binti akavuta hewa. Akalia. Maridadi hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile.

"Baba," alisema kwa sauti ya mkwaruzo, "wageni tuwapigie simu tu."

Wakacheka wote, hata Bonge, ambaye mjane alikuwa akimkaza aproni vizuri zaidi.

"Kwenye kompyuta je?" mjane akauliza.

"Nafuta sasa hivi." Akafuta, kidole kikiacha damu kwenye kitufe.

"Na hukuziandika kwingine?"

Maridadi akafungua mdomo kusema hapana. Juu ya mlango, nje, chuma kikalia taratibu, kama kitu kizito kinachojinyoosha baada ya usingizi.

"Bosi," alisema Bonge, "kibao."

Herufi nane, nene kama kidole gumba. Alimsimamia mchomeleaji mwenyewe siku nzima, akimsisitiza asiache hata tundu la sindano.

Maridadi akautazama wembe mdogo mkononi mwake. Chini ya kola ya shati, kitu chembamba, baridi kama chuma, kikaanza kumzunguka.