Iangalie Tena, Edvina

"Hujaelewa?" Gozbert aliniuliza huku akicheka kwa pua.

"Sijaelewa."

"Hata kidogo?"

"Nimeona mwanaume amebeba mlango anatembea nao shambani. Anampelekea nani, sijui. Halafu saa ya ukutani inarudi nyuma. Halafu yule dada anakaa kitandani dakika kumi nzima anatazama ukuta. Halafu mbuzi. Halafu mwisho."

Watu waliokuwa wanatoka ukumbini waligeuka. Gozbert akanivuta pembeni. Jumamosi saa nane mchana, jua la Bukoba linachoma, na yeye amevaa skafu ya sufu shingoni ili watu wajue nani ni mwongozaji.

"Edvina, usiniaibishe. Filamu nzito haieleweki mara ya kwanza. Iangalie tena."

"Na mtu ambaye hana nafasi ya kuiangalia tena?"

"Huyo sikumtengenezea."

Mimi ni fundi cherehani, nina meza yangu Miembeni. Nikimshonea mteja gauni, halafu nimwambie alivae mara tatu ndipo ajue kichwa kinapitia wapi, atanirushia usoni. Zipo filamu nimeangalia hata mara nne kwa raha zangu, lakini mara ya kwanza zilishanishika moyo. Hii ya Gozbert ilinishika kiuno tu, kwa kukaa. Nilinyamaza kwa sababu nilimpenda, na Desemba wazee wake walikuwa waje kwetu Izigo kuniposa. Hata kuandika kwamba nilimpenda kunanitia kinyaa.

Mama yangu, Ma Consolata, alikuja akiwa ndani ya gauni lake la kanisani. Ametoka Izigo asubuhi kuja kuona kazi ya mkwe. Filamu anazozijua ni zile za banda la video, zilizotafsiriwa, ambazo DJ anakueleza hata mtu akikohoa amekohoa kwa nini.

"Pole, mama," Gozbert alimwambia. "Najua imekuwa ngumu kwako."

"Haikuwa ngumu, waitu," mama akasema, kama Wahaya tunavyomwita mtu kwa heshima.

"Kumbe umeelewa?"

"Nimeelewa."

Gozbert akacheka tena kwa pua. "Umeelewa nini, mama?"

Mama alinigeukia mimi. "Umsikilize mwenzako. Kaiangalie tena."

Nilipomsindikiza stendi nilimbana.

"Ma, umeona nini mle?"

"Nikikuambia utasema simpendi mkwe. Mwaka jana nilikuambia huyu kijana haangalii watu usoni, ukaninunia mwezi mzima. Sasa kaone kwa macho yako. Yule dada achana naye. Angalia meza iliyo pembeni ya kitanda."

Jioni hiyo nilimwomba Gozbert anitumie filamu kwenye simu. Alifurahi mpaka akanipigia.

"Hatimaye! Sasa unakua kiakili, Edvina. Zingatia ukimya."

"Nitazingatia."

Kesho yake, baada ya ibada, nilifungua kibanda, nikakaa kwenye cherehani na kuangalia. Mlango ukapita. Saa ikarudi nyuma. Nilipofika dakika ya arobaini na moja yule dada akakaa kitandani, mimi nikaitazama meza.

Nikasimamisha picha. Nikaikuza.

Mezani palikuwa na akaibo.

Kwetu akaibo ni kikapu kidogo chenye mfuniko, cha kuwekea kahawa za kutafuna anapofika mgeni. Hicho alikisuka mama yangu kwa miezi miwili. Gozbert alipokuja kujitambulisha, mama alikijaza kahawa akamkabidhi ampelekee mama yake mzazi, Kibeta. Ndivyo nyumba yetu inavyofanya: kikapu kinatangulia kwa wakwe, na siku ya posa wanakirudisha kimejaa kahawa yao. Kila nilipouliza, Gozbert alisema, "Mama anakipenda sana, kipo sebuleni."

Ningeweza kujidanganya kwamba vikapu vinafanana. Lakini mama aliishiwa ukindu mweusi akiwa anamalizia mfuniko, akafunga ukingo kwa uzi wa zambarau niliomkatia kwenye cherehani yangu mwenyewe. Na ule uzi ulikuwa unang'aa pale kwenye picha. Ndani ya kikapu cha kahawa ya wazee mlikuwa na kope za bandia na gundi yake.

Nilimwandikia: "Kikapu cha dakika ya 41 ni cha nani?"

Akajibu haraka: "Umekiona! Safi sana. Kikapu ni ishara ya tumbo la ardhi."

"Nimeuliza ni cha nani."

"Ni kile cha kwenu. Nilikiazima kwa mama siku moja ya kurekodi. Kilisharudi Kibeta."

Tumbo la ardhi! Nikatoka nje kutema mate.

Yule dada wa filamu anaitwa Joanitha, ana saluni mitaa miwili kutoka kwenye meza yangu, na chumba chake kiko nyuma ya saluni. Jumatatu asubuhi nilibisha hodi. Alifungua akiwa na mswaki mdomoni.

"Aa, karibu! Wewe si binamu yake Gozbert? Nilikuona ukumbini na shangazi yake."

"Amekuambia mimi ni binamu yake?"

"Ndiyo. Kwani siyo?"

Nyuma yake niliona kitanda kile kile, ukuta ule ule, na mezani akaibo kimekaa, na zile kope zake ndani.

"Joanitha, hicho kikapu umekipata wapi?"

Akatabasamu, maskini. "Alinipa Pasaka. Mama yake amenisukia kwa mkono wake, ishara kwamba nimekubalika nyumbani. Desemba wanakuja kuniposa."

"Hebu geuza mfuniko. Uangalie uzi wa ukingoni."

Akageuza. Nikafungua pochi, nikatoa kibiringo cha uzi wa zambarau, nikakiweka pembeni yake.

Joanitha aliutazama uzi, akanitazama mimi. Akaenda kutema dawa ya meno, akarudi, akakaa kitandani.

"Hicho kimesukwa na mama yangu," nikamwambia. "Na mimi naposwa Desemba."

"Mawe!" akamwita mama yake kwa Kihaya, akashika kichwa. "Nimelala na kile kikapu pembeni yangu, nikimwombea mama yake kila usiku!"

Nilikuwa nimekuja kugombana naye. Hasira yote ikahama.

"Nikuulize kitu," nilisema. "Zile dakika kumi ulikuwa unatazama nini?"

"Hata mimi nilimuuliza. Akasema, tazama tu ukuta, maana watatafuta wenyewe."

"Na mlango?"

"Mlango wa choo chetu. Uling'oka siku ile, akasema tusiuache bure."

Tulicheka mpaka machozi yakatoka, halafu yakabaki machozi peke yake.

Jumamosi iliyofuata filamu ilionyeshwa tena, safari hii ikiwa na maswali na majibu. Nilikuwa nimepiga simu Kibeta nikamwalika Ma Kokwijuka, mama yake Gozbert, nikajitambulisha kama fundi anayemfahamu mwanawe. Alikaa mstari wa mbele, karibu na mama yangu, hawajuani.

Taa zilipowaka, mwalimu mstaafu Rugaibula akasimama.

"Mwongozaji, mimi nimefundisha miaka thelathini. Mwanafunzi asipoelewa nilikuwa najiuliza kwanza mimi. Je, filamu haipaswi kueleweka angalau kidogo mara ya kwanza?"

Gozbert akashika maiki. "Mzee wangu, ukweli una tabaka nyingi. Mtazamaji mvivu anataka atafuniwe. Kazi yangu ni kuficha, kazi yenu ni kutafuta."

"Nimetafuta," nikasema, nikasimama. Joanitha akasimama pembeni yangu. Nilikuwa nimekibeba akaibo, tumekiosha, mama amekijaza kahawa. "Nina swali kwa Ma Kokwijuka. Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kikapu hiki umewahi kukiona?"

Akakitazama vizuri. "Sijawahi. Kizuri. Nani amekisuka?"

"Nimekisuka mimi," mama akamwambia. "Nilimpa mwanao akuletee, mwaka jana, kwa ajili ya binti yangu huyu."

"Mimi akaniambia umenisukia wewe," Joanitha akadakia.

Ma Kokwijuka alimgeukia mwanawe. "Gozbert, hawa mabinti ni akina nani? Mbona nyumbani hujamtaja hata mmoja?"

Skafu ikaanza kumbana. "Mama, hili jambo ni... lina tabaka nyingi, siyo la kulielewa haraka haraka..."

"Mimi nimelielewa!" sauti ikatoka nyuma, ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Mwalimu Rugaibula alikuwa anafuta miwani, mabega yanatikisika.

Mama yangu hakucheka. Alifungua mfuniko, akampa Ma Kokwijuka kahawa, kisha Joanitha, kisha mwalimu, kisha mimi. Alipofika mbele ya Gozbert, yeye akanyoosha mkono. Mama akafunga mfuniko.

"Wiki ile uliniuliza nimeelewa nini," alimwambia. "Nilielewa kwamba wewe ni mchafu. Mara ya kwanza tu, waitu, na hakuna DJ aliyenitafsiria."

Tulitoka. Ma Kokwijuka alitufuata mpaka nje, akapiga magoti mbele ya mama yangu akaomba radhi, naye mama akamwinua. Joanitha alirudi saluni kwake, na sasa magauni yake nayashona mimi.

Mimi na mama tulikuwa hatujafika stendi simu ikalia. Ujumbe wa Gozbert:

"Edvina kwa nini umenifanyia vile mbele za watu? Sielewi kabisa."

Nikamjibu:

"Iangalie tena."