Banda la Mwisho, Upande wa Timbo

Mbwa mzee wa banda la mwisho alikuwa akitingisha mkia akiutazama ukuta. Kalondu alisimama na sufuria mkononi, akashangaa.

Mbwa aliyeachwa na wenyewe hutazama lango. Hilo Kalondu alilijua kuliko mtu yeyote, maana kazi yake ilikuwa kuwatunza mbwa wa watu wanaosafiri. Uwanja wake ulikuwa Kiganjo, Thika, na vibanda vyake vya mawe na wavu vilipangana kutoka langoni hadi ukuta wa nyuma. Wateja wengi walitoka Ruiru. Desemba vibanda vilijaa pomoni. Januari wenyewe walirudi na kuwachukua mbwa wao katikati ya vumbi na jua kali. Pasaka ilileta mvua na mbwa wachache. Julai, mwezi wa baridi na manyunyu, kazi ililala, kisha Agosti shule zikafungwa na kelele zikaanza upya. Msimu uwe upi, mbwa walilala wameelekeza pua langoni, wakingoja gari la kwao.

Huyu wa Pasaka alilipa lango mgongo. Masikio yamesimama, mkia unapiga wavu pa, pa, pa, kwa furaha ya mbwa aliyemwona mwenyewe akishuka kwenye gari. Nyuma ya ukuta ule hakukuwa na nyumba wala njia. Kulikuwa na timbo tu, lile shimo refu walimochimba mawe ya kujengea hadi wakafikia maji, wakaliacha.

"Kisilu, kuja uone hii maneno," Kalondu alimwita mumewe.

Kisilu alikuja hadi katikati ya uwanja, akakwama hapo. "Labda ni panya."

"Panya gani wa kuchekewa hivyo?"

Kisilu alirudi jikoni. Tangu Januari hakupenda kusogea upande ule.

Mwezi huo walikuwa wamebaki na Taiga, mbwa mkubwa wa rangi ya majivu. Mwenyewe alimleta kabla ya Krismasi, akahamia ng'ambo, simu yake ikazimwa. Kisilu, ambaye hangeweza kumpita mbwa bila kumkuna shingo, alitaka Taiga abaki awe wao. Kalondu alikataa katakata. Mbwa yule alilia mchana kutwa kwa kumkosa mwenyewe, na wateja walikuwa wameanza kuuliza kama huwa anapigwa.

"Mpeleke timbo," alimwambia mumewe. "Mfunge huko chini, asirudi."

"Si heri tuite daktari amdunge, Kalondu? Alale tu pole pole."

"Daktari atauliza ni wa nani. Mpeleke."

Kisilu alimpeleka. Alimfunga kwa mnyororo kwenye mashine kuukuu iliyoachwa chini kule, akapanda juu huku anafuta machozi kwa mkono wa shati. Taiga alibweka hadi sauti ikamkauka. Kisha akabaki na mlio mwembamba, mrefu, kama mtu anayeita jina. Kalondu alifungulia redio kwa nguvu, akaendelea kusonga ugali wa mbwa. Mlio ulipokoma, alisema tu, "Haya. Sasa kuna amani."

Na sasa, Pasaka, mbwa wa mtu mwingine alikuwa akiuchekea ukuta. Hakugusa ugali wala omena. Kisilu alimletea mifupa ya nyama choma kutoka Kamakis, ingali moto, akaikataa pia. Alikonda huku anafurahi. Asubuhi moja Kalondu alimkuta ameketi, paji la uso limeegemea mawe, mwili baridi kama chuma. Alipomgusa mgongoni, mkia ule mfu ulipiga sakafu mara moja, pa, ukatulia.

Mwenye mbwa aliambiwa ni nyoka. Banda la mwisho likafungwa kwa waya, na Mei ikapita, na Juni, bila lolote.

Julai, manyunyu yakiwa hayajakatika tangu asubuhi, Kalondu alikuwa akianua magunia ya kulalia mbwa jioni aliposikia mwanamke akikohoa nyuma ya ukuta. Kikohozi kikavu, cha kifua kibovu, na baada yake jina.

"Kisilu. Kisilu wakwa. Uka."

Kisilu wangu, njoo. Kikamba cha Matuu, na sauti Kalondu aliijua, kwa sababu aliiuguza miaka miwili na akaizika: ilikuwa sauti ya mama mkwe wake. Harufu ilipanda pamoja nayo, harufu ya jiwe lililoloa na nywele za mbwa zilizoungua, ikapita juu ya ukuta na kutambaa chini kando ya vibanda, na kila ilipopita mbwa walilala kifudifudi wakaziba pua kwa makucha, na Kalondu, magunia yakimdondoka moja moja mkononi, alitaka kumwita mumewe amwambie asijibu, asifungue mdomo, lakini ulimi ulikuwa umemkauka, na Kisilu alikuwa tayari ametoka jikoni bila viatu, anatembea matopeni na uso wa mtoto aliyefuatwa shuleni na mamake.

"Mwaitu?" Kisilu aliitikia. Mama?

Nyuma ya ukuta kitu kilicheka kidogo, kwa sauti ileile, kikanyamaza.

Tangu jioni hiyo Kisilu alihamia banda la mwisho. Aliikata waya kwa mikono hadi vidole vikatoka damu, akaingia, akaketi akiutazama ukuta. Kalondu alimvuta, akambembeleza, akamzaba kofi, akamfungia chumbani. Alitoka kwa dirisha akarudi. Uji ulipoa mbele yake. Alipozungumza, alizungumza na mawe.

"Amesema ananijia," alinong'ona. "Amesema ningoje tu kidogo."

"Mama yako alikufa, Kisilu. Wewe ndiye ulishika kichwa cha sanduku."

"Shh. Utamfukuza."

Na kisigino chake, chenyewe, kikawa kinapiga sakafu. Pa, pa, pa.

Kalondu hakuwa mtu wa kulia, lakini siku hiyo alilia. Hakuwa na ndugu wa karibu, wala mtoto. Kisilu ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kumwamsha kwa kikombe cha chai, na mikono yake ilikuwa sasa mifupa mitupu.

Kanisani walimwombea, hakukubadilika kitu. Ndipo mwenye duka jirani akamwelekeza kwa Mwanarusi, mama wa Majengo pale Thika, anayesomea watu kisomo. Mwanarusi alifika adhuhuri. Alikunja leso yake isiguswe na mbwa, akapita vibanda vyote mpaka cha mwisho, akamtazama Kisilu, akautazama ukuta. Aliweka ubani kwenye kaa la moto. Moshi haukupanda. Ulilala chini, ukavutwa kwenye ufa wa ukuta kama unanyonywa.

"Huko nyuma kulikufa nini?" aliuliza.

"Mbwa."

"Alikufa vipi?"

Kalondu alimweleza. Mwanarusi aliachia pumzi ndefu.

"Lile shimo lina jini la tangu zamani, lilikuwa limelala zake. Likamsikia kiumbe anaita mwenyewe hadi anakufa. Likaonja. Sasa ndicho chakula chake, mwanangu. Kungoja. Linamwita mtu kwa sauti ya yule anayemkosa, halafu linamla pole pole akiwa anangoja. Wewe limekuita?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata."

Mwanarusi alilizima lile kaa la moto. "Nitakuja na kaka yangu. Tutasoma kila siku, pengine mwezi mzima. Sikuahidi kwamba mume wako atafika huo mwisho, amekwisha sana. Lakini nisikilize vizuri. Hiki kitu hushika mmoja tu. Kikipata mwenye kungoja zaidi, humwachia wa kwanza. Kwa hivyo usipokee mbwa mwingine hapa. Na kama kuna aliyeitwa, asitoke kwa lango hili kabisa, kwa sababu siku mwenyewe atamwita kwa sauti ya kweli, ataenda nacho mpaka kwao. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Alikuwa amesikia kila neno. Alimsindikiza Mwanarusi hadi barabarani, akampakia bodaboda, akaahidi kumpigia simu. Hakumpigia.

Agosti ilipoingia, gari dogo jeupe lilisimama langoni. Alishuka Mourine, mteja wa Ruiru, na binti yake Akoth wa miaka sita, amemkumbatia Bosco shingoni. Bosco alikuwa mbwa wa kahawia, mnyenyekevu, aliyelala kitandani kwa mtoto.

"Tunaenda Kisumu kuzika mamake mume wangu, Oluoch," Mourine alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Huyu ndiye ameumia zaidi. Nyanyake ndiye alimlea. Kila siku anauliza atarudi lini."

"Woi, poleni sana," Kalondu alisema. Akainama, akamfuta mtoto machozi kwa kidole gumba. "Usilie, Akoth. Bosco nitamweka mahali pazuri."

Kulikuwa na vibanda sita vitupu karibu na lango. Alimpitisha Bosco mbele ya vyote. Alimfunga ndani ya banda la mwisho, pembeni ya Kisilu, akatoka akasimama mbali, akangoja.

Usiku mzima Bosco alilia akilitazama lango. Siku iliyofuata alikula kidogo tu. Kalondu akampunguzia chakula, kisha akamnyima mkono wake pia, hakumgusa, hakumsemesha, ili amkose mwenyewe kikamilifu. Jioni moja, jua likizama upande wa barabara kuu, sauti ya mtoto ilisikika kutoka timboni, nyembamba, inayocheka.

"Bosco! Bosco, kuja!"

Masikio ya mbwa yalisimama. Aligeuka taratibu, akalipa lango mgongo. Mkia ukaanza.

Pale pale Kisilu akapepesa macho. Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, kisha akamtazama mbwa, na akaelewa.

"Kalondu," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Huyu ni wa nani?"

"Wa mteja. Inuka, uingie ndani."

"Usimwachie aende kwao. Nakuomba. Mimi nimekuwa ndani yake, hujui kulivyo."

"Nimesema inuka."

Walipokuja kumchukua, Bosco hakugeuka. Mourine alicheka kwa wasiwasi. "Eh! Kwani tumesahaulika haraka hivi?"

Akoth alikimbia hadi kwenye wavu. "Bosco! Bosco, kuja!"

Na nyuma ya ukuta, papo hapo, kwa mchana mweupe, "Bosco! Bosco, kuja!"

Mtoto alirudi hatua moja. "Mum, kuna mtoto huko. Anaongea kama mimi."

"Ni mwangwi," Kalondu aliwahi kusema. "Ni timbo, linarudisha sauti. Mwite tena, mwite kwa nguvu."

Akoth aliita. Bosco alitazama ukuta, akamtazama mtoto, akatetemeka mwili mzima kama anayevutwa na kamba mbili, kisha akajikokota hadi miguuni pa Akoth. Nyuma yake ilikuja ile harufu ya jiwe lililoloa na nywele zilizoungua, ikapita kando ya Kalondu karibu sana hata akahisi baridi yake shavuni, ikaendelea na safari yake kati ya vibanda, na mbwa wakalala kifudifudi mmoja baada ya mwingine kuelekea langoni, na pale Akoth alipopanda kiti cha nyuma na mbwa wake na mlango ukafungwa, gari lile dogo liliinama upande wa nyuma hadi matairi yakabonyea, kama limepakiwa mawe.

"Gari yako ni nzito," Kalondu alijikuta akisema.

"Ni mihogo na samaki tulibeba nyumbani," Mourine alijibu, akapunga mkono.

Jikoni, Kisilu aliomba uji. Alikunywa sufuria nzima, machozi yakimtiririka ndani yake, na hakumsemesha mkewe siku hiyo wala nyingine nyingi zilizofuata. Kalondu hakujali. Mumewe alikuwa anakula.

Mvua za Novemba zilikuwa zimeanza simu ilipoita. Ilikuwa wakati wa chakula cha mchana.

"Mama wa mbwa, ni mimi, Mourine." Alikuwa ananong'ona. "Nataka kukuuliza kitu. Bosco alikufa Septemba. Na sasa Akoth hali. Anakaa huko nyuma, kwa ukuta wa tangi la maji, hatoki. Anasema nyanyake anamwita. Nikimbeba ndani anarudi. Madaktari hawaoni ugonjwa. Bosco akiwa kwako, kuliwahi kuonekana kitu? Kitu chochote? Nitakuja hata leo, nimlete mtoto, uniambie ulifanya nini kama kuliwahi."

Mbali, nyuma ya pumzi zake, Kalondu alisikia kisigino kidogo kikipiga sakafu. Pa, pa, pa.

Alitazama ng'ambo ya meza. Mashavu ya Kisilu yalikuwa yamerudi. Alikuwa akimega ugali, ameinamisha kichwa.

"Hakukuwa na kitu, dada," Kalondu alisema. "Na usimlete. Huku tumejaa."

Alikata simu, akaizima. Uwanjani, vibanda vyote vilikuwa wazi, mvua inanyesha ndani yake.

"Nani huyo?" Kisilu aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu Agosti.

"Amekosea namba."

Akamwongezea ugali.