Tete Kizingitini

"Mgeni anakuja. Muulize kalamu ilizaliwa wapi."

Simu kutoka Idara ya Upelelezi ikakatika.

Mwatumu aliirudisha Nokia mfukoni, akautazama mlango wa ile nyumba ya kupanga pale Stafford. Viganja vilimtoka jasho, na si kwa joto la Agosti, maana kiyoyozi kilikuwa kikinguruma kutwa. Aliogopa. Majasusi wa sinema hawaendeshwi na tumbo, lakini yeye tangu asubuhi njia ya msalani alikuwa ameshaizoea.

Chumbani alikuwa amefichwa Généreuse, mama wa Kikongo kutoka Uvira, mpanga mitumba katika ghala moja la Fort Worth. Siku moja alifungua robota, akakuta bunduki. Akafungua jingine.

Bunduki tena.

Zote zilikuwa zinaelekea Kivu, walikobaki dada zake. Kesho angesimama mahakamani amtaje mwenye ghala, Zéphyrin. Bila yeye hakuna kesi, na mzigo ungepakiwa melini.

Kazi ya Mwatumu ilikuwa kumkabidhi mama huyu kwa Mwalimu Shebwana, mpelelezi mwenzake, ampeleke Fort Worth. Tatizo, hakuwahi kumwona Shebwana, hata pichani. Alijua tu kwamba ni mtu wa Lamu aliyekulia chuo cha Kurani, akiandika ubaoni kwa kalamu ya tete, kama Mwatumu mwenyewe alivyofunzwa na babu yake kule Vanga. Ndiyo maana Idara ikachagua swali lile, na kuagiza kalamu ya tete iwekwe mezani.

Hodi.

Alikuwa bwana wa makamo. Suti ya kijivu, Rolex, tabasamu. Lincoln yake nyeusi ilikuwa imeegeshwa kivulini.

"Kalamu ilizaliwa wapi?"

"Mtoni," mgeni alijibu bila kusita. "Wayunani waliliita tete kalamos. Waarabu wakalichonga, wakasema qalam. Kwetu ikafika kalamu, na jina likabaki hata tulipoacha matete."

Akaketi, akaendelea kama mtu aliye darasani. Akaeleza kwamba shina tupu la unyoya, lile Wazungu walilochonga wakaandikia, nalo wataalamu hulipa jina hilo hilo. Hata ngisi anayekaangwa mahotelini Galveston, calamari, jina lake linatokana na kibweta cha kalamu, kwa vile hutembea na wino wake.

Kila neno lilikuwa sawa.

Hofu haikumtoka Mwatumu. Maneno mtu anaweza kung'olewa kama meno, na Shebwana hakuwa amepiga simu tangu jana.

Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo. Mwatumu akausogelea.

"Dada, niko naogopa," Généreuse alinong'ona. "Ule mutu, unamujua?"

"Bado. Mimi pia naogopa. Funga."

Mgeni akasimama, akasema wanachelewa, barabara ni ndefu. Mwatumu akaichukua kalamu pale mezani, akijidai anaiweka vizuri. Alikuwa akivuta muda. Kalamu ikamponyoka, ikabiringika hadi kizingiti cha ukumbi wa kuelekea chumbani.

Mgeni akaitazama.

Akairuka.

Mwatumu alihisi mabega yakimpanda yenyewe, kama anayesubiri bakora ya babu. Mtoto wa chuo haruki kalamu. Ikianguka huiokota, akaifuta, akaigusisha kipaji cha uso, na akizeeka bado mkono huokota kabla kichwa hakijafikiri.

"Mwalimu," alisema. "Umeruka kalamu."

Mgeni aligeuka. Glock yenye kiwambo cha sauti ilikuwa tayari mkononi.

Beretta iliyokuwa chini ya leso ya Mwatumu ilitangulia. Risasi ikampata begani, akaangukia ukutani, Glock ikatelezea chini ya kochi. Mwatumu akamtia pingu, akashika redio.

"Mgeni ni bandia. Yu hai."

"Shebwana?" redio ikauliza.

"Natafuta."

Alichukua funguo za Lincoln, akafungua buti. Ndani mlikuwa na mzee aliyefungwa kamba, uso umevimba kwa kipigo. Huyu naye angeweza kuwa mtego. Mwatumu alimkata kamba huku Beretta ikimwelekea kifuani.

"Yuwapi yule mwanamke?" mzee akauliza.

"Tangulia. Polepole."

Mzee akaingia ndani akichechemea, kashika mbavu. Kizingitini akasimama. Akainama kwa shida, akiguna, akaiokota kalamu kwa vidole vilivyovimba, akaifuta kwenye shati lake lenye damu, akaigusisha kipaji cha uso.

Mwatumu akashusha Beretta. Hakumuuliza kalamu ilizaliwa wapi.

Kesho yake Généreuse alisimama mahakamani Fort Worth, akamtaja Zéphyrin kwa jina, akamnyooshea kidole. Marobota yakazuiwa ghalani. Mwatumu, aliyekuwa ameketi viti vya nyuma, akanyanyuka, akavaa miwani ya jua, akatoka taratibu kuelekea kwenye Camry yake. Magoti yalikuwa bado yanamtetemeka, lakini sketi yake ilikuwa ndefu.