Nguzo, Mwambie Huyo Binti

Jumamosi hiyo duka la vifaa vya ujenzi pale Kyela mjini lilikuwa limefurika. Wa misumari, wa rangi, wa saruji, kila mmoja anamsemesha muuzaji kwa wakati mmoja. Ndipo Tupokigwe akaingia, gauni la kitenge cha bluu limemkaa sawasawa, nywele zimesukwa juzi tu, na mkononi ana mfuko wa salfeti. Kabla hajafika kaunta watu walishaanza kumpisha, tena si kwa uzuri wake. Walikuwa wameziba pua.

Akatoa kigae cha udongo, kile cha mviringo kama bomba lililopasuliwa katikati, akakibwaga juu ya kaunta. Ndani yake kulikuwa na uchafu mweusi ulioshikamana, unanuka mkojo uliolala wiki nzima.

"Vigae vyenu hivi," alimwambia muuzaji. "Wageni wanakaa chini ya kibanda wanywe chai, haya yanawadondokea vikombeni. Nimechoka mpaka nataka kutapika."

"Dada, kigae hakina kosa," alisema mtu nyuma yake. "Hayo ni mavi ya popo."

Aligeuka. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, ovaroli imejaa vumbi jekundu, penseli sikioni. Akakichukua kile kigae kwa mkono mtupu, akakisogeza puani, akanusa kabisa.

"Unashika hivyo hivyo?" Tupokigwe aliuliza, akirudi nyuma hatua moja.

"Mkono unanawika. Kigae cha namna hii kina tundu mwishoni. Fundi mwenye haraka halizibi, popo naye akiona mlango hapigi hodi." Akamtazama kwa tabasamu. "Naitwa Asheri. Mimi na mzee wangu tunaezeka. Naomba namba yako, Bibi Popo."

Watu wakacheka. Tupokigwe aliona aibu, aliona kinyaa, na namba akaitoa.

Huyu Tupokigwe alikuwa msimamizi wa nyumba tatu za wageni kule Matema, ufukweni kabisa, mali ya Mama Stella anayeishi Dar es Salaam na kutoa amri kwa simu. Mbele ya nyumba kulikuwa na vibanda vitano vya kivuli, kila kimoja nguzo nne na paa la vigae, na vyote vitano vilikuwa choo cha popo. Kwa mtu mwingine ingekuwa kero ya kazi. Kwa Tupokigwe ilikuwa adhabu, maana kinyaa alizaliwa nacho. Kikombe alikiosha mara mbili kabla ya kunywea na mara mbili baada ya kunywea.

Jumatatu Asheri alifika na baba yake, Mzee Hezroni wa Ndandalo, mtu mfupi wa maneno mengi, aliyeezeka mapaa tangu enzi za nyasi. Walizunguka vibanda wakitazama juu.

"Tuweke bati lenye sura ya kigae?" Tupokigwe aliuliza. "Mama Stella ameniuliza hivyo."

"Ni jepesi na popo hapati pa kulala," Asheri alisema. "Lakini kibanda hakina dari. Mvua ya kwetu ikipiga bati, wageni wataongea kwa ishara."

"Basi udongo tena?"

"Udongo, ila wa bapa, kigae kinachoshikana na mwenzake. Paa tulisimamishe zaidi ya hili, maji yakimbie. Mbao za kenchi ziwe nene, maana mzigo ni mzito. Na hizi kofia za juu, vigae vinavyofunika mgongo wa paa, miisho yake yote izibwe kwa saruji."

"Usipoziba kofia, mama," Mzee Hezroni alidakia, "hapo umejenga gesti ya popo, tena ya bure." Akacheka peke yake, akaomba chai, akanywa vikombe vitatu huku akimsimulia Tupokigwe habari za kila mtu wa Ndandalo.

Kazi ikaanza. Vigae vya zamani vilivuliwa, vikarundikwa nyuma ya kibanda cha mwisho, lundo linalonuka hata nzi walikuwa wanalizunguka kwa mbali. Na jioni simu zikaanza.

"Bibi Popo, umekula?"

"Usiniite hivyo."

"Jina lako refu, vocha itaisha."

"Basi kata."

"Nikikata nitasikia wapi sauti yako? Umekula nini?"

"Wali na samaki mbasa. Na wewe unawe mikono kabla hujala."

"Nimenawa mara mbili, mpenzi. Siku hizi nanawa mara mbili kila kitu, nyumbani wanadhani naumwa."

Alicheka mpaka akajishtukia. Alikuwa hajacheka hivyo tangu Morogoro. Kule ndiko alikolelewa, na kule aliwahi kupelekwa kwa mama wa kijana aliyetaka kumwoa. Alipoinuka tu kwenye kiti, mama yule alichukua kitambaa kibichi akakifuta kile kiti, na yeye amesimama pale pale anatazama. Tupokigwe alirudi kwao, akaomba kazi mbali, akaipata huku kwenye asili ya marehemu baba yake, ambako hakuwahi kuishi hata siku moja. Jina la Kinyakyusa analo, lugha yenyewe anajua "ndaga" tu, yaani asante, tena anaitamka vibaya.

Siku moja baada ya ibada Asheri alimpigia. "Jana nimemwambia mzee. Nimesema nataka kukuoa."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, sasa kazi imeanza."

Kesho yake Tupokigwe alivaa gauni la njano alilolipiga pasi mara mbili, akatengeneza chai ya maziwa na ndizi za kuchoma, akaipeleka mwenyewe kibandani. "Shikamoo, baba."

Mzee Hezroni aliuacha mwiko ukaanguka. Akageuza mgongo, akatokomea kwenye matete bila kujibu.

Siku ya pili, aliposikia sauti yake tu, mzee alishuka paa kwa upande wa pili. Siku ya tatu Tupokigwe alikaa kwenye kigoda pale kivulini akiandika idadi ya vigae. Alipoinuka na kufika mlango wa nyumba, aligeuka akamwona mzee anakisukuma kile kigoda kwa mguu mpaka nje ya kivuli, kama mtu anayesukuma panya aliyekufa. Akakaa chini kwenye mchanga.

Tupokigwe aliingia ndani akatapika. Halafu akapiga simu. Asheri alikuwa mjini, anafuata saruji.

"Baba yako amenigeuzia mgongo. Hakai nilipokaa."

"Ndiyo," Asheri alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Ameanza mapema, eti?"

"Unanicheka?"

"Nakucheka kwa lipi, mama? Si ndivyo inavyotakiwa?"

"Inavyotakiwa?" "Asheri, nilishafutiwa kiti mara moja. Sifutiwi tena. Chukua baba yako na ngazi yenu, muondoke kwenye saiti yangu leo hii."

Akakata. Akaifungia na namba yake isipite. Alimchukia yule mzee, akamchukia mwanawe, na zaidi akajichukia yeye mwenyewe, kwa sababu bado alikuwa anasikiliza kama simu itaita.

Mafundi waliondoka. Vibanda vinne vilikuwa vimekamilika, vyekundu na vizuri. Cha tano kilibaki na kofia wazi kwenye miisho yote, na Tupokigwe akasema popo wahamie humo kama wanataka.

Siku tatu baadaye, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, aliamka alfajiri akajitanda kanga, akatembea kando ya ziwa kutuliza kichwa. Alirudi kwa upande wa maji, na hapo akasikia mwiko unakwaruza saruji. Kwenye kibanda cha tano, juu kabisa, Mzee Hezroni alikuwa peke yake anaziba kofia.

Mzee alimwona. Ngazi ilikuwa imeegemezwa upande ule ule aliosimama Tupokigwe, hivyo pa kukimbilia hapakuwepo. Akaona mfuko mtupu wa saruji pembeni yake, akauchukua, akajivika kichwani mpaka mabegani.

Tupokigwe alisimama kwenye mchanga, amemtazama mzee wa watu aliyekaa juu ya paa na mfuko wa saruji kichwani.

"Mzee," alisema. "Kwani mimi nanuka?"

Halafu sauti ikatoka ndani ya karatasi. "Nguzo. Wewe nguzo, unanisikia? Mwambie huyo binti hanuki."

"Sasa kwa nini unanikimbia?"

"Nguzo, mwambie kwetu mtu na mke wa mwanawe hawatazamani. Hawasalimiani, hawakalii kigoda kimoja, hawapiti njia moja. Tunaita kutila. Mwambie wanawake wa Kyela nzima nawasalimia usoni, kwa sababu hawanihusu. Yeye siku nilipoambiwa ni wetu, ndiyo siku niliyoanza kumkimbia."

Tupokigwe alishika ile nguzo. "Asheri hakuniambia."

"Mwambie mwanangu ni mjinga. Alidhani mtu anayeitwa Tupokigwe hafundishwi mambo haya."

"Na kwa nini umekuja, wakati niliwafukuza?"

Mfuko ulitikisika. "Nguzo, mwambie nyumba ya mkwe haiachiwi popo."

Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Kumbe kile kigoda hakikusukumwa kwa kinyaa. Miaka yote amejua heshima ya aina moja tu, ile ya kukaribishwa kiti, na hapa alikuwa amepewa nyingine akaitapikia. Uchungu ulimshika, na chini ya uchungu palikuwa na furaha tupu.

Njia safi ya kurudi ndani ilipita chini ya ngazi, mbele ya uso wa mzee. Njia nyingine ilipita nyuma, katikati ya lile lundo la vigae vya zamani, na mvua ya usiku ilikuwa imeyayeyusha yale mavi yakawa uji mweusi unaofika vifundoni. Harufu yake ilimfikia pale pale alipo. Juu ya gauni alikuwa na kanga moja tu, ama ya kuziba pua, ama ya kufunika kichwa.

Akageuza uso kwenye nguzo. "Nguzo," alisema polepole, "mwambie baba nimesikia. Mwambie ndaga."

Akaishusha kanga ikamfunika kichwa na macho, akazunguka nyuma, akapita kwenye lundo pua wazi. Tope la popo lilimwingia katikati ya vidole. Alitapika mate mara mbili njiani, na hakutoa mkono kichwani mpaka alipofika jikoni na kusikia nyuma yake ngazi inalia, mzee anashuka.

Akanawa mikono, mara moja tu, akafungua namba ya Asheri akampigia.

"Tupo? Tupo, ni wewe?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Naapa, nilidhani unajua."

"Sijui kitu. Nimelelewa Morogoro. Utanifundisha yote, moja moja." Alikuwa analia, miguu inanuka, wala hakujali. "Njoo Matema sasa hivi. Baba anahitaji chai."

"Chai? Si uko hapo hapo, mpenzi?"

"Nipo," Tupokigwe alisema. "Ila mimi siwezi kumpelekea tena."